Kijana wa Ufipa analala wapi? Kutoka nyumba ya bibi hadi hosteli ya chuo

Muda mrefu kabla Ufipa, nyanda za juu za mkoa wa Rukwa, haijaona bweni, swali la mahali pa kulala kijana lilikuwa na jibu. Mtoto wa Kifipa hakukulia chini ya paa la wazazi mpaka siku ya kuoa au kuolewa. Alipopata akili kidogo alihamia kwa bibi au babu, na alipokaribia kupevuka alilala na wenzake wa rika, wavulana kwao na wasichana kwao. Mwanahistoria Kathleen Smythe, aliyewahoji wazee wa Nkansi, hukohuko Ufipa, na mwaka 2006 akachapisha kitabu kuhusu familia za Kifipa, anaonyesha kwamba mpangilio huo ulikuwa sehemu ya malezi yenyewe. Bibi na mjukuu wana utani, na katika utani huo yalisemwa mambo ya mwili na ndoa ambayo mama angeona haya kuyatamka mbele ya mwanawe. Nyumba ya bibi ilikuwa na mwenyewe: binti akichelewa kurudi, kuna aliyemsubiri.

Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wakaanza kulea watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye misheni zilipanda hadi kwenye nyanda za juu. Smythe ana hoja inayonivutia sana: wazazi wengi walikubali kuwaachia mapadri na masista watoto wao kwa sababu kulelewa nje ya nyumba ya wazazi haikuwa ajabu kwao. Bweni likaingia mahali palipokwisha kuandaliwa na desturi.

Serikali ilizitwaa shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969. Mageuzi makubwa zaidi kwa mwanafunzi wa kijijini yalikuja na mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004. Shule za kata zilienea haraka, nyingi zikiwa za kutwa. Anayetoka mbali akapanga chumba, ambacho wanafunzi hukiita geto. Hapo ndipo geto lilipochukua nafasi ya bweni: mlango wa mbao, godoro sakafuni, jiko la mkaa, choo cha nje kinachotumiwa na wapangaji wote, na baridi ya Sumbawanga inayopenya hadi mifupani. Kwa mvulana hayo ni maisha magumu. Kwa msichana wa miaka 15, safari ya chooni usiku ni hatari, na mwanamume anayejitolea kumlipia kodi mara nyingi ana lake. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulikuta kwamba katika mkoa jirani wa Katavi, uliokuwa sehemu ya Rukwa hadi 2012, wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Geto si sababu pekee, lakini hakuna anayeweza kuliondolea lawama.

Chuo kikuu nacho kina kumbukumbu yake chungu. Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wa kiume. Kutenga vyumba vya wanawake na vya wanaume hakukutosha kumlinda. Alikosa mtu mwenye mamlaka wa kumkimbilia, ambaye angesikia na kuchukua hatua siku hiyohiyo.

Sasa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina kampasi Rukwa, na elimu ya juu haiko tena mbali na Ufipa. Vitanda vya hosteli vikipungua, wanafunzi hubebana, yaani hulala wawili kitanda kimoja, au hupanga mitaani, na historia ya geto huanza upya. Tangu Novemba 2021 wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni katika mfumo rasmi. Baadhi yao watafika chuo wakiwa na watoto. Hosteli inayohesabu vitanda vya wa kike na vya wa kiume tu haina chumba cha mama huyo, wala cha mwanafunzi anayetembelea kiti cha magurudumu.

Kwa hiyo Manispaa ya Sumbawanga na chuo waanze sasa, wakati majengo yangali machache. Wasajili nyumba zinazopangishwa kwa wanafunzi, wakague vyoo, taa na makomeo, na waweke matroni anayelipwa, anayejulikana mitaani na mwenye uwezo wa kumwondoa mwenye nyumba msumbufu kwenye orodha. Nanyi wazazi mnaowapeleka mabinti mjini, kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, ulizeni ni nani atakayejua usiku huo kwamba binti yenu hajarudi.