Herufi Mbili: Lugha ya Ukurasa wa Intaneti na Mgonjwa Asiyeona

Makala haya yahusu herufi mbili tu, s na w. Nimekusudia kueleza jinsi zilivyopata kazi katika kurasa za intaneti, na kwa nini mgonjwa asiyeona, msemaji wa Kiswahili, anazihitaji kuliko sisi tuonao.

Miaka michache iliyopita mwalimu mwenzangu asiyeona alinialika nisikilize ukurasa wa afya alioutafuta kwa ajili ya macho ya mwanawe. Ukurasa wenyewe uliandikwa kwa Kiswahili kizuri, nami niliusoma bila taabu. Walakini alipoupitisha katika kisoma skrini, yaani programu igeuzayo maandishi kuwa sauti, tulisikia maneno ambayo hayakuwa Kiswahili wala Kiingereza. Palipoandikwa kwamba tone moja la dawa litiwe kila baada ya saa nane, neno tone lilitoka “toun” na nane likatoka “nein”. Maana Kiingereza kina desturi ya kuimeza e ya mwisho na kuigeuza irabu iliyoitangulia. Mwenzangu alicheka sana, kisha akaniuliza dawa ile hutiwa mara ngapi kwa siku. (Na hata kama sauti ingekuwa njema, “kila saa nane” bila “baada ya” yaweza kufahamika kuwa saa nane ya mchana; lakini hilo ni kosa la mwandishi, si la mashine.)

Programu haikukosa. Kila ukurasa wa intaneti una alama za ndani zisizoonekana na msomaji, na mojawapo hutaja lugha ya ukurasa kwa herufi chache. Mtengenezaji wa ukurasa ule alichukua kiolezo cha ng’ambo, akabadili maneno yote yaonekanayo, akaziacha herufi en pale alipozikuta. Mashine iliambiwa kwamba hiki ni Kiingereza, nayo ikatii.

Herufi sw ziliwekwa kuwa alama ya lugha yetu katika kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 639, cha mwaka 1988. Wanaisimu wataona kwamba kiambishi ki- kimeachwa nje, nami sitaki kuufufua ubishi huo hapa. Mwaka 1997 shirika la W3C, lisimamialo kanuni za wavuti, lilianzisha kitengo cha kushughulikia haja za watu wenye ulemavu, na mwezi Desemba wa mwaka uo huo toleo la nne la HTML likaweka rasmi mahali pa kutaja lugha ya ukurasa. Basi tangu hapo njia ilikuwapo. Lililosalia ni kujua kama kuitumia kungehesabiwa kuwa sharti.

Tarehe 5 Mei 1999 ulitolewa mwongozo wa kwanza wa ufikivu wa wavuti, wenye vipengele 14. Katika kipengele cha nne mwalimu wa lugha hana budi kusimama kidogo. Kutaja mabadiliko ya lugha ndani ya ukurasa kulipewa umuhimu wa kwanza. Kutaja lugha ya ukurasa mzima kulipewa umuhimu wa tatu, yaani wa chini kabisa. Nionavyo mimi, mpango huu ni wa watu waliokuwa na lugha moja akilini. Walimfikiria msomaji wa Kiingereza anayekutana na msemo wa Kifaransa katikati ya sentensi. Hawakumfikiria yule ambaye ukurasa wake mzima si wa Kiingereza. Kosa hili lilisahihishwa tarehe 11 Desemba 2008, katika toleo la pili: lugha ya ukurasa ikawa katika daraja la A, ambalo ni la lazima kuliko yote, na lugha ya sehemu zake katika daraja la AA.

Wakati huo sauti nayo ilikuwa ikipatikana. Mwaka 2006 Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, alianza kutengeneza NVDA, kisoma skrini kisicholipiwa, kisha Mwaustralia mwenzake asiyeona, James Teh, akajiunga naye. Kilitumia sauti za eSpeak, kazi ya Mwingereza Jonathan Duddington, ambayo Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Sauti hiyo ni kavu, lakini yafahamika. Tahajia yetu huisaidia mashine: irabu tano hazibadiliki, na mkazo hukaa karibu daima katika silabi ya pili kutoka mwisho. Barabara ya kupita magari na barabara ya “sawasawa” ni katika machache yanayoweza kuikosesha.

Sheria pia zimekuja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 wataja intaneti katika ibara ya 9 na afya katika ibara ya 25. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Habari za viziwi, ambao huambiwa “piga simu kwa daktari”, zastahili makala yake.

Lakini kuna jambo lituhusulo sisi watunga kamusi. Kanuni ya lugha ya sehemu yasamehe majina, istilahi za kitaalamu, na maneno yaliyokwisha kuwa ya lugha inayoyazunguka. Nani ataamua kwamba neno limekwisha kuwa letu? Presha iliyoandikwa kwa tahajia yetu husomwa sawasawa na sauti ya Kiswahili. Likiandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, sauti ile ile huliharibu. Nilizoea kuichukulia tahajia ya maneno ya mkopo kuwa ugomvi wa wasomi kwa wasomi, na wanafunzi wangu nimewachosha nao. Sasa naona kwamba mwandishi wa ukurasa wa hospitali anayesitasita kati ya tahajia mbili anaamua pia kama mgonjwa fulani atalisikia jina la ugonjwa wake.

Vivyo hivyo kwa alama za mkato. “2x3” katika cheti cha dawa ni wazi kwa jicho lililozoea, lakini sauti huitaja x kama herufi, na msikilizaji hubaki na hesabu isiyo na jibu. “Vidonge viwili, mara tatu kwa siku” huchukua nafasi kubwa zaidi, nayo mashine huyasoma maneno hayo yote.