Kutoka Kibodi Hadi Randa: Historia Fupi ya Waunda Magitaa

Mwezi uliopita nilimwambia baba kwamba mkataba wangu wa kuandika programu ukiisha, sitautia sahihi tena. Nitahamia karakana moja nje kidogo ya mji wa Nyeri niunde magitaa, ya kawaida na ya besi. Alinyamaza, akamaliza chai yake, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo ile kahawa yote niliuza ili usomee useremala?"

Sikuwa na jibu. Nina miaka 28 na shahada ya sayansi ya tarakilishi, na kahawa ya baba kule Tetu ndiyo iliyolipa karo ya mihula minane. Lakini swali lake lilinikaa kichwani, nami nikiwa na swali lisilo na jibu huwa silali. Nikaanza kusoma: hao watu wanaounda magitaa walitoka wapi? Walisomea nini?

Basi nianzie Ujerumani. Katika mji wa Markneukirchen, miaka ya 1820 na mwanzoni mwa miaka ya 1830, palikuwa na ugomvi kati ya vyama viwili vya mafundi. Waunda fidla walidai kwamba gitaa ni ala ya muziki, kwa hivyo ni kazi yao peke yao. Maseremala wa samani, ambao nao walikuwa wakiliunda, warudi kwenye makabati yao. Maseremala walikataa, kesi ikasikizwa, nao wakaruhusiwa kuendelea. Miongoni mwao ilikuwemo familia ya Christian Friedrich Martin, kijana aliyekuwa amejifunza kazi kwa Johann Stauffer kule Vienna. Mwaka 1833 Martin alihamia New York, na kampuni yake bado inaunda magitaa huko Pennsylvania hadi leo.

Nilimsimulia kisa hiki fundi ninayejifunza kwake. Yeye hutengeneza vitanda na madawati, na mambo yakiwa magumu, majeneza. Alicheka hadi akaweka patasi chini. "Kumbe hata Wazungu waliambiwa warudi kwa vitanda!"

Wa pili ni Antonio de Torres wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1817. Naye alianza kama seremala wa kawaida. Umbo la gitaa la nyuzi laini tunalolijua leo limetokana naye kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo ubavu na mgongo wake ni karatasi ngumu, kuonyesha kwamba sauti hutoka hasa kwenye ubao wa mbele. (Huko kwetu tungesema alijaribu sehemu moja ya programu peke yake kabla ya kulaumu nyingine.) Na bado, karibu mwaka 1870, bwana huyu aliacha magitaa akafungua duka la vyombo vya udongo katika mji wa Almería. Miaka michache baadaye akarudi kwenye randa, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1892. Hili silisemi mbele ya baba.

Lakini ninayempenda zaidi ni Leo Fender wa California, kwa sababu hakuwa hata seremala. Alisomea uhasibu. Alikuwa akiandika vitabu vya hesabu, kazi ikaota mbawa wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, na mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Wapiga gitaa walimletea vikuza sauti vilivyoharibika, yeye akawasikiliza malalamiko yao. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga!

Mwaka 1950 alitoa gitaa la umeme ambalo kiwiliwili chake ni ubao mzito usio na uwazi ndani, na shingo yake imefungwa kwa skrubu nne. Waunda magitaa wa zamani walikuwa wakigundisha shingo isitoke milele. Kwa Fender, shingo ikipinda unafungua skrubu, unaweka nyingine, mtu anarudi jukwaani jioni hiyo hiyo. Yeyote aliyewahi kugawa programu yake katika moduli ataelewa kwa nini nilisimama chumbani nikapiga makofi peke yangu. Mwaka 1951 akafanya vivyo hivyo kwa besi, ala ambayo kabla ya hapo ilikuwa kubwa kama mlango na mwanamuziki aliibeba kama anayehama nyumba. Mwaka 1965 kampuni yake iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Katika historia yote niliyomsomea baba, sehemu hii ndiyo aliyoomba niirudie.

Na hapa kwetu je?

Hapa chini ya Mlima Kenya gitaa si ala ya kwanza. Kabla yake palikuwa na wandindi, fidla ya uzi mmoja ya Wakikuyu, iliyoundwa na mpigaji mwenyewe au jirani yake. Kisha ikaja kodiani, nayo pamoja na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa, ikaubeba mwomboko. Gitaa lilisambaa kwa sahani za santuri, redio, na wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Fundi Konde wa pwani, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles na akafika hadi Burma. Ni miongoni mwa wa kwanza Afrika Mashariki kupiga gitaa la umeme. (Jina lake ni Fundi, lakini kazi yake ilikuwa kupiga, si kuunda.) Kutoka Kongo sauti ya Mwenda Jean Bosco ilienea baada ya Hugh Tracey kumrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi. Halafu wakaja wetu: Joseph Kamaru wa Kangema, aliyezaliwa mwaka 1939 na kutuacha mwaka 2018, na Daniel Kamau, yule DK.

Majina ya wapigaji tunayo. Ya waundaji hatuna. Ukiwauliza wazee wa kizazi kile, wengi watakuambia gitaa la kwanza walilolishika lilikuwa la debe: kopo la mafuta, ubao uliochongwa kwa panga, na nyuzi zilizochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Wenye baiskeli ndio waliolipa gharama ya utafiti! Hao watoto ndio waliokuwa waunda magitaa wetu wa mwanzo. Kisha kijana akipata kibarua Nairobi alinunua gitaa la kiwandani, na lile la debe likaenda jalalani pamoja na ujuzi wake.

Mimi hapo ndipo moyo unaponiuma. Muziki wa hapa uliendelea, ukafika hadi mugithi, mtu mmoja na gitaa lake akichezesha baa nzima mpaka asubuhi. Nimekaa katika baa za Karatina, Chaka na Nanyuki nikihesabu magitaa badala ya kucheza, na sijaona hata moja lililoundwa huku. Yote yamekuja na meli. Wala si kwamba Mwafrika hawezi. Gitaa ambalo John Lennon alianzia nalo mwaka 1957, Gallotone Champion, liliundwa Afrika Kusini, na ndani yake lilibandikwa hakikisho kwamba halitapasuka. Kule Kinshasa fundi anayejulikana kama Socklo ameunda magitaa kwa miongo kadhaa.

Langu la kwanza lilipasuka. Nalisema wazi ili usinidhanie mtaalamu.

Nilitumia mutarakwa, mwerezi wa milimani kwetu, kutoka kwenye nguzo kuukuu ya ua niliyonunua Naro Moru. Ni mti unaonukia vizuri, hauliwi na mchwa, na zamani ulitengenezewa penseli. Sababu ya kufaa kwa penseli ni kwamba hupasuka kwa urahisi na kunyooka. Sifa hiyo hiyo ndiyo iliyoniua. Niliugundisha mwezi wa saba Nyeri ikiwa na ukungu wa gathano, nikaupeleka Nanyuki mwezi wa pili, upande mkavu wa mlima. Ubao ulinywea, na nyuzi za chuma zikiwa zimekazwa huvuta kwa jumla karibu kilo 70. Nilisikia mlio mmoja tu usiku, kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti. Asubuhi ufa ulikuwa umetoka kwenye kidaraja hadi ukingoni.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu, na hili linaniaibisha zaidi. Vile vichuma vinavyokatiza shingo, freti, lazima vikae mahali pake hasa. Nilikuta kanuni ya zamani, ambayo Vincenzo Galilei, baba yake yule Galileo wa nyota, aliiandika mwaka 1581: gawa urefu wa uzi kwa 18, weka freti ya kwanza hapo, gawa urefu uliobaki kwa 18 tena, endelea. Nikaandika programu ya mistari sita, nikachapisha vipimo, nikakata shingo. Kwa uzi wa milimita 648, freti ya 12 inatakiwa iwe katikati kabisa, milimita 324. Yangu ilikaa 321.64. Noti iliyotakiwa kuwa ile ile ya uzi mtupu, ila ya juu, ikawa inalia kama inaomba msamaha.

Namba sahihi ni 17.817, inayotokana na kipeuo cha kumi na mbili cha mbili. Si kwamba wazee walikuwa wajinga. Kuubonyeza uzi huuvuta na kuipandisha sauti kidogo, kwa hivyo upungufu wa 18 ulifidia sehemu ya kosa hilo, na fundi alisogeza kidaraja kwa sikio hadi mambo yakae. Mimi nilichukua kanuni nikaacha sikio.

Shingo ile bado iko ukutani. Fundi wangu huitumia kutundikia koti.

Siku hizi natumia mukima kwa mgongo na ubavu. Ni mti ulioletwa kutoka Australia, na huku umepandwa kwenye kahawa na mipakani mwa mashamba. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku kukata miti katika misitu ya umma na ya jamii, mbao za msituni ziliadimika, lakini mukima ni wa mkulima mwenyewe. Kwa ubao wa shingo nanunua vipande vya mpingo kutoka Tanzania, vidogo, kwa bei ya kutoa machozi.

Hesabu ya pesa ni hii: gitaa la tatu, ambalo halijapasuka, lilinichukua saa 140. Nililiuza kwa chini ya nilichokuwa nalipwa kwa wiki moja ya programu. Ukarabati wa magitaa ya wana-mugithi ndio ulionilipia mbao. Nina akiba ya miezi tisa, na oda moja ya besi ya nyuzi nne kutoka kwa mpigaji wa Karatina aliyelipa nusu. Mkataba wangu unaisha Ijumaa.

Jana baba alipiga simu. Upepo umeangusha mukima mkubwa mpakani, akataka kujua huwa nanunua futi kwa bei gani. Nikamwambia, mzee, mbao hizo zitahitaji angalau mwaka mmoja kukauka kabla sijazigusa. Akasema hilo ni shauri langu. Pesa anazitaka mwezi huu.