Swali Lililotunzwa na Mjibuji

Wako watu, na si wachache, wanaodhani kwamba shaka juu ya Biblia ni mzaliwa wa zama hizi za elimu ya sayansi, na kwamba wazee wa Kanisa la kale waliishi katika raha ya kuamini bila ya kuulizwa. Walakini mwenye kuifunua taarikhi ataona ya kuwa maswali yale yale yanayowatoa jasho makatekista wa leo yalikwisha kuulizwa, tena kwa ukali na ufasaha, kabla Kanisa halijatimiza miaka 200.

Yapata mwaka 178 mwanafalsafa aitwaye Celsus, katika dola ya Rumi, alitunga kwa Kiyunani kitabu alichokiita Neno la Kweli. Mungu akishuka duniani, aliuliza, ashukia nini? Je, ni kutaka kujua yatendekayo kwa wanadamu, naye si mjuzi wa yote? Na kama alikusudia kuwaokoa watu, mbona alikawia dahari zote zile, kisha akaipeleka rehema yake katika pembe moja tu ya dunia? Na aliyefufuka, kwa nini asiwatokee wale waliomhukumu? Juu ya hayo aliwashutumu Wakristo kwamba huwaambia watu wasihoji bali waamini tu, na kwamba waalimu wao ni wafuma sufu, washona viatu na madobi.

Miaka 70 hivi ikapita. Ndipo tajiri mmoja, Ambrose, alipompelekea kitabu kile rafiki yake Origen, mzaliwa wa Iskandaria katika Misri, ambaye baba yake aliuawa kwa ajili ya dini, naye wakati ule alikuwa akisomesha Kaisaria ya Palestina. Origen alisita, akisema kwamba Yesu mwenyewe alipozuliwa ushahidi wa uongo alinyamaza. Lakini kwa kuwahurumia wale ambao imani yao ni changa akashika kalamu, na mnamo mwaka 248 akaikamilisha kazi yake katika vitabu 8.

Namna yake ya kujibu ndiyo istahiliyo kutazamwa sana. Alianza kwa nia ya kuzigusa hoja kwa muhtasari, kisha akageuza njia, akawa anayanukuu maneno ya mpinzani wake hoja baada ya hoja na kuliweka jibu lake chini ya kila moja. Aliposhitakiwa kwamba Wakristo huamini pasipo kuchunguza, hakuruka. Alikiri ya kuwa lau watu wote wangeweza kuacha shughuli zao na kujitia katika tafakuri, isingekuwapo njia iliyo bora kuliko hiyo. Lakini madhali wengi wamebanwa na mahitaji ya maisha, imani yao sahili imewatoa katika tope la maovu, na hiyo nayo ni ithibati. Kuhusu ufufuo alijibu kwamba watu hawajitii katika hatari ya mauti kwa ajili ya hadithi waliyoibuni wenyewe; na hoja hiyo alikuja kuitilia muhuri kwa mwili wake, kwani katika mateso ya Kaisari Decius, mwaka 250, alifungwa na kuadhibiwa vikali asikane, akafa baada ya miaka michache.

Leo nakala ya Celsus haipatikani popote. Sehemu kubwa tuliyo nayo ya maneno yake tumeipata ndani ya jibu la Origen: muumini ndiye aliyeitunza sauti ya asiyeamini.

Haikuwa hivyo kwa Porphyry, aliyeandika vitabu 15 dhidi ya Wakristo mwishoni mwa karne ya 3. Vyake makaisari waliamuru vichomwe, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 448. Na ajabu ni kwamba majibu makubwa aliyoandikiwa nayo yamepotea pia. Hoja yake kwamba Kitabu cha Danieli kiliandikwa zama za Mfalme Antiochus wa Shamu, na si zama za Babeli zilizotangulia, tunaijua zaidi kwa sababu Jerome, mfasiri wa Biblia, aliinakili ili aipinge, na leo maulama wengi wa Biblia, Wakristo wakiwamo, wanaikubali. Moto haukuifuta hoja ile. Uliwanyima tu Wakristo wa baadaye faida ya kuisikia kwa utimilifu.

Karne nyingi baadaye, katika Natal, Afrika ya Kusini, Askofu John Colenso alikuwa akitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kizulu pamoja na msaidizi wake, William Ngidi. Walipofika penye Gharika, Ngidi alimwuliza kama kweli wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, waliingia safinani wawili wawili. Colenso, aliyekuwa mwanahisabati, hakuweza kumjibu kwa ulimi jambo ambalo moyo wake haukulikubali. Akachunguza, na mwaka 1862 akaanza kuchapisha aliyoyaona, na swali la Ngidi akaliweka katika dibaji. Askofu Gray wa Cape Town akamhukumu kuwa mzushi, na ugomvi ule ulikuwa miongoni mwa sababu za maaskofu wa Kianglikana kukutana Lambeth, London, mwaka 1867.

Mtu aweza kuyakataa majibu ya Colenso, na wengi wameyakataa. Lakini insafu yatutaka tukiri kwamba hakumficha mwulizaji wake. Basi mwalimu wa dini akiletewa swali linalomchoma, na aliandike kwanza kama lilivyoulizwa, lisipunguzwe makali yake, ndipo alitafutie jibu. Kwa kuwa swali likiisha kuandikwa kwa haki, hata jibu la leo likishindwa, atakayekuja kesho atakuwa na mahali pa kuanzia.