Ernst Johanssen

Ernst Johanssen (1864 - 1934) alikuwa mchungaji na mmisionari Mprotestanti kutoka Ujerumani. Alihubiri Injili katika milima ya Usambara (leo katika mkoa wa Tanga, Tanzania), kisha Rwanda na Bukoba. Anakumbukwa pia kama mwandishi, kwa sababu vitabu vyake ni kati ya maandishi ya mwanzo yanayosimulia jinsi Ukristo wa Kiinjili ulivyoingia katika sehemu hizo tatu.

Safari ya Usambara

Johanssen alitumwa na shirika la misioni lililoanzishwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya koloni jipya la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Shirika hilo lilipata nguvu kutoka kwa mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, mkuu wa nyumba za kutunzia wagonjwa wa kifafa huko Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Mwaka 1906 ofisi zake zilihamia huko, na tangu hapo likajulikana kama Misioni ya Bethel.

Mwaka 1891 Johanssen na mwenzake Paul Wohlrab walipanda milima kutoka pwani ya Tanga. Wakati huo reli ya Usambara haikuwepo bado: ujenzi wake ulianza mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Walijenga kituo chao cha kwanza Mlalo, kaskazini kwa mji wa Lushoto wa leo, wakakiita Hohenfriedeberg. Wenyeji waliendelea kusema Mlalo, na jina la Kijerumani limebaki katika vitabu tu, sawa na jina la Wilhelmsthal ambalo Wajerumani waliipa Lushoto.

Hawakuwa Wakristo wa kwanza kufika milimani. Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akapokewa na mfalme Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Wakilindi. Upande wa mashariki, Waanglikana wa UMCA walikuwa wameshajenga Magila. Lakini nchi aliyoikuta Johanssen haikuwa tena ile ya Krapf. Baada ya Kimweri kufariki mwaka 1862 watoto na wajukuu wake walipigania kiti, biashara ya watumwa ikaongezeka, na watu wengi wakapoteza ndugu na mashamba.

Juu ya hayo ikaja serikali ya kikoloni. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtoto wa Semboja, aliyekuwa mtawala wa Vuga. Kwa Mshambaa wa kawaida haikuwa rahisi kumtenga mzungu wa kanisa na mzungu wa boma, kwa kuwa walitoka nchi moja na kusema lugha moja. Jambo hili ni muhimu kwa msomaji wa habari za misioni: waliofika Mlalo kutafuta shule, dawa au ulinzi walikuwa na sababu nyingi kuliko zile zilizoandikwa katika taarifa zilizopelekwa Ujerumani.

Lugha na methali

Wamisionari wa Bethel walichagua kuhubiri na kufundisha kwa Kishambaa. Kiswahili wakati huo kilionekana kwao kuwa lugha ya pwani, ya Uislamu na ya serikali. (Inashangaza kidogo kwamba ni mmoja wa wamisionari wa Usambara, Karl Roehl, aliyetoa baadaye tafsiri ya Biblia nzima kwa Kiswahili, mwaka 1937.)

Kazi ya lugha ndiyo iliyomfanya Johanssen kuwa mwandishi. Alikusanya methali za Washambaa pamoja na mmisionari mwenzake P. Döring. Mkusanyo wao, "Das Leben der Schambala beleuchtet durch ihre Sprichwörter" (Maisha ya Washambaa kwa mwanga wa methali zao), ulitolewa mwaka 1914-1915 katika jarida la lugha za makoloni lililohaririwa na Carl Meinhof. Pengine hiyo ndiyo kazi yake yenye faida zaidi kwa Washambaa wa leo, maana imehifadhi maneno ya wazee waliozaliwa kabla ya ukoloni.

Rwanda na Bukoba

Mwaka 1907 Johanssen aliondoka Usambara, akaenda Rwanda pamoja na Gerhard Ruccius kuanzisha misioni ya kwanza ya Kiprotestanti nchini humo. Wakatoliki, yaani Mapadri Weupe, walikuwa wamefika miaka saba kabla yao. Wakristo Washambaa walifuatana na Wajerumani hao, wakasaidia kujenga na kufundisha mbali sana na kwao. Ni sehemu ya historia ya Usambara inayosahaulika mara nyingi: kanisa lililokuwa na umri wa miaka 16 tu lilikuwa tayari linatuma watu wake nje.

Vituo vya mwanzo vilikuwa Zinga, Kirinda na Rubengera. Habari za miaka hiyo ziko katika kitabu chake "Ruanda", kilichotolewa mwaka 1912. Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza kazi hiyo: Wabelgiji waliiteka Rwanda mwaka 1916, na Wajerumani wakalazimika kuondoka. Johanssen alirudi Afrika katika miaka ya 1920, safari hii Bukoba, ambako Misioni ya Bethel ilikuwa imeanza kazi mwaka 1910 kati ya Wahaya.

Maandishi

Mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya ibada ya mandwa ya Wanyarwanda, na mwaka 1931 "Geistesleben afrikanischer Völker im Lichte des Evangeliums", kuhusu fikra za kiroho za Waafrika. Kumbukumbu za maisha yake ziko katika "Führung und Erfahrung in 40jährigem Missionsdienst" (Uongozi na mang'amuzi katika miaka 40 ya utumishi wa misioni), kitabu cha juzuu tatu kilichotolewa katika miaka ya 1930.

Vitabu hivyo vina thamani kwa sababu mwandishi alikuwepo na alijua lugha. Lakini viliandikwa kwa Kijerumani, kwa wasomaji ambao sadaka zao ziliendesha misioni, na walimu wa Kiafrika wanaonekana humo kwa macho ya mkubwa wao. Anayetaka kusikia Usambara ya karne ya 19 kwa sauti nyingine asome sambamba "Habari za Wakilindi" ya Abdallah bin Hemedi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kuchapwa kwa sehemu na Waanglikana wa Magila kuanzia mwaka 1895. Humo wamisionari hawako katikati ya habari; walioko ni Wakilindi wenyewe, na vita vyao.

Usharika wa Mlalo leo ni sehemu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, yenye makao makuu Lushoto.