Mchungaji wa Old Moshi na Wazee Wake

Tarehe 2 Machi 1900 serikali ya Wajerumani ilimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi kwenye Mlima Kilimanjaro, pamoja na viongozi wenzake. Miaka miwili baadaye kijana wa Dresden aitwaye Bruno Gutmann alipanda mlima uleule, akiwa na Biblia, madaftari, na lugha ya wale waliofunga kitanzi. Mwaka 1910 alihamia Old Moshi kwenyewe, katika kituo cha misheni cha Kidia. Wazee aliowakuta huko walikuwa watu waliomjua Meli kwa sura na sauti.

Si rahisi kufikiria mwanzo mbaya zaidi kwa mtu anayetaka kusikilizwa. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyesikiliza. Akiwa mchungaji wa Kilutheri aliketi na wazee wa Kichaga mwaka baada ya mwaka, akiwauliza juu ya mirathi, mahari, maji ya mfereji, laana, mazishi, mafundisho ya vijana wa jando na sala zilizoelekezwa kwa Ruwa, Mungu wa Wachaga. Majibu aliyaandika, na hadi leo mtu anayetaka kuandika historia ya Kilimanjaro kwa uzito wake hana njia ya kumkwepa.

Gutmann alizaliwa mwaka 1876. Hakutoka katika ukoo wa wasomi. Ujanani alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya serikali ya mtaa, kisha akaingia chuo cha Misheni ya Leipzig. Misheni hiyo ilikuwa imefika Kilimanjaro mwaka 1893, ikaanzia Machame, ikaenda Mamba mwaka uliofuata na Moshi mwaka 1896. Walutheri hawakuwa wa kwanza. Waanglikana wa shirika la misheni la CMS walikwisha kuingia Moshi mwaka 1885, wakaondoka 1892 baada ya vita kati ya Meli na Wajerumani. Wakatoliki nao walikuwa Kilema tangu 1891, na kahawa yao ilikuwa imeshapandwa. Mlima ulikuwa na wageni wengi, kila mmoja na kengele yake.

Kilichomtofautisha Gutmann ni hofu aliyotoka nayo kwao. Ufalme wa Saxony alikotoka ulikuwa umejaa viwanda; watu walikuwa wameacha vijiji, wamejazana mijini, wanaishi ukuta kwa ukuta bila kujuana. Aliona kwamba Ukristo wa Ulaya nao ulikuwa umepungukiwa. Umekuwa jambo la mtu mmoja na nafsi yake, mtu anayemwomba Mungu amwokoe yeye huku jirani akizikwa bila yeye kujua. Alipofika Uchagani akaona kitu alichodhani Ulaya imekipoteza, yaani watu wasioweza kujieleza bila kutaja wenzao. Akahitimisha kwamba Mungu alimuumba binadamu ndani ya vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Mhubiri anayekata vifungo hivyo ili apate mwongofu mmoja mmoja, kwa maoni yake, anabomoa kazi ya Muumba huku akidai kumtumikia Mkombozi.

Hayo yangeweza kubaki mawazo ya mtu mpweke anayeikumbuka nchi yake. Lakini Uchagani vifungo hivyo vilikuwa na kazi za kila siku zinazoonekana kwa macho.

Tazama mfongo, mfereji unaoteremsha maji kutoka kwenye makorongo ya juu hadi vihambani, yaani mashamba ya nyumbani. Mifongo ya Kilimanjaro ilikuwapo muda mrefu kabla ya mzungu yeyote kuona theluji ya kilele cha Kibo. Hakuna mtu mmoja awezaye kuchimba mfereji wa namna hiyo, wala kuutunza. Watu huitwa kwenda kuusafisha na kuziba mapengo. Asiyefika bila sababu hulipa, na anayeiba zamu ya maji ya mwenzake husemwa mbele ya watu. Migomba, pombe ya mbege, mboga na ng'ombe wa zizini vyote hutegemea mpango huo. Kwa Gutmann watu wa mfongo mmoja walikuwa tayari ni ushirika, hata kabla ya kanisa kufika. Kazi ya mchungaji ilikuwa kuingia katika ushirika huo na kuuambia jina la Kristo, si kuanzisha mwingine pembeni na kuwagombanisha watu na majirani zao.

Kwa hiyo usharika wake ulipangwa kwa mitaa, na kila mtaa ukawa na wazee wake. Magomvi, mgonjwa asiye na wa kumlimia, mjane, nyumba inayovuja: mambo hayo yalipaswa kuanzia kwa majirani kabla ya kufika kwa mchungaji. Leo Mlutheri wa Moshi akisikia habari hii ataona ni jambo la kawaida kabisa, kwani usharika, mtaa na wazee wa kanisa ni msamiati wake wa kila wiki. Wakati ule wamisionari wenzake wengi waliona Gutmann anacheza na upagani.

Kwenye rika alikwenda mbali zaidi. Vijana wa Kichaga walipoingia mafunzo walifundishwa kwa fimbo iitwayo mregho, yenye alama zilizochongwa, na kila alama ilishika fundisho lake: jinsi ya kumheshimu baba, kukaa na mke, kulinda siri, kutunza uhai. Vijana walifungwa kwa jozi na kwa vikundi, na mwenzako wa rika alibaki mwenzako hadi uzeeni. Gutmann aliuchukua mpango huo na kuutia katika kipaimara. Vijana waliojiandaa kupokea kipaimara waliunganishwa katika vikundi alivyoviita vya ngao, kwa mfano wa wapiganaji wanaokingana. Walipaswa kuonyana, kusaidiana shambani, na kushikana mikono hata baada ya kuoa. Mtu anaweza kuuliza kama kijana wa 1912 aliliona hilo kuwa jambo la kanisa au jambo la jando lililovishwa kanzu. Huenda swali hilo lingemfurahisha Gutmann, kwa sababu alitaka jibu liwe yote mawili.

Mafundisho ya mregho aliyatoa katika juzuu tatu kati ya 1932 na 1938. Kabla ya hapo, mwaka 1926, alikuwa ametoa kitabu cha sheria za Wachaga, *Das Recht der Dschagga*, chenye zaidi ya kurasa 700. Vyuo vikuu vya Ujerumani vilimtunuku shahada za heshima, Erlangen kwa theolojia na Würzburg kwa sheria. Ni nadra mtu kuheshimiwa kwa madhabahu na kwa mahakama kwa wakati mmoja, na katika yote mawili walimu wake walikuwa wazee wa mlima mmoja ambao majina yao wasomaji wengi wa Ulaya hawakuyauliza.

Mtihani wa mawazo hayo ulikuja na Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walishindwa, Waingereza wakaichukua Tanganyika, na mwaka 1920 Gutmann alifukuzwa pamoja na wamisionari wenzake. Sharika za Kilimanjaro zilibaki bila wachungaji wazungu hadi Walutheri wa Marekani walipofika kusaidia. Hazikufa. Walimu na wazee walihubiri, wakafundisha wakatekumeni, wakazika wafu na kuamua mashauri. Gutmann, akiwa Ujerumani, alitoa mwaka 1925 kitabu chake juu ya kujenga usharika kwa msingi wa Injili. Hoja yake kubwa, kwamba kanisa hubebwa na watu waliokwisha kufungamana, ilikuwa ikithibitishwa Kilimanjaro na watu ambao hawakuwa na haja ya kusoma kitabu hicho.

Aliporudi katikati ya miaka ya 1920, watu wale walikuwa wamesogea. Hapa ndipo hadithi yake inapokuwa ngumu.

Reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika chini ya mlima tangu 1911, na mji uliochipuka kwenye stesheni ulichukua jina la Moshi, ukaliachia eneo la mlimani jina la Old Moshi. Kahawa ilikuwa imeingia vihambani katikati ya migomba. Mwaka 1925, kwa msaada wa ofisa Mwingereza Charles Dundas, wakulima wa Kichaga waliunda chama chao cha kahawa, KNPA, ambacho baadaye kilifuatwa na chama cha ushirika cha KNCU. Kiongozi mashuhuri wa KNPA, Joseph Merinyo, alikuwa mtu wa Old Moshi na zao la shule ya misheni. Walowezi wazungu walitaka Mwafrika akatazwe kulima kahawa. Wakulima wakashikamana wakakataa. Ukitafuta mfano wa majirani waliofungamana kwa kazi, hakuna mfano bora kuliko huo. Gutmann, ambaye alikuwa ameandika maelfu ya kurasa kuhusu kufungamana, aliiangalia fedha ya kahawa kwa jicho la mashaka. Kwake fedha ilikuwa kisu kinachokata kamba: mtu mwenye shilingi hamhitaji tena jirani.

Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Fedha kweli ilileta kesi za mipaka, na ardhi iliyokuwa ikigawiwa kwa neno la mzee ikaanza kuhesabiwa kwa miche ya kahawa. Lakini alisahau kumuuliza mtoto wa kati. Kwa desturi ya Uchagani mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume ndio waliotazamiwa kwanza katika mirathi, na kitinda mimba hubaki nyumbani kwa baba. Mtoto wa kati alikwenda kutafuta penye nafasi. Mlima ulipojaa, nafasi ikaisha. Kwa kijana huyo shule, Kiswahili, stesheni ya reli na shina la kahawa vilikuwa mlango. Kifungo cha ukoo kilichompendeza mchungaji, yeye kilimwacha nje. Binti naye, aliyeondoka kwenda kujenga ukoo wa watu wengine, angekuwa na lake la kusema. Kwa bahati mbaya wasimulizi wakuu wa Gutmann walikuwa wazee wa kiume.

Na kuna jambo ambalo halipaswi kupitwa kimya. Desturi alizotaka kuzilinda zilikuwa zimekwisha kupigwa na dola lake mwenyewe, lililonyonga wamangi, likaweka kodi, likaamua nani atawale. Kuzipigia magoti mila za watu huku waliozivunja ni ndugu zako ni kazi inayotaka maneno makali zaidi ya yale ya mchungaji huyu.

Wakosoaji walijitokeza mapema. Mwanatheolojia Mholanzi J. C. Hoekendijk alimlaumu kwa kulifanya kanisa liwe kivuli cha kabila. Baadaye mwanaanthropolojia Mmarekani Sally Falk Moore, aliyekuwa pia mwanasheria, alikaa na kitabu cha Gutmann cha sheria kisha akaenda kuwasikiliza Wachaga wenyewe. Katika kitabu chake cha 1986 alionyesha kwamba sheria ya mila ya Kilimanjaro, tangu 1880 hadi 1980, haikukaa mahali pamoja hata siku moja; ilibadilika kila mara kahawa, serikali na uhaba wa ardhi vilipobadilika. Gutmann aliandika kana kwamba anapiga picha ya mlima. Alichokuwa nacho mbele yake ni mto.

Swali la Gutmann, la jinsi kanisa linavyohusiana na ukoo, hata hivyo halikuondoka naye. Upande wa pili wa nchi, Bukoba, Askofu Josiah Kibira aliliuliza tena akiwa mtoto wa nyumbani, si mgeni. Mwaka 1974 alitoa kitabu *Church, Clan, and the World*, akipima kanisa na ukoo kwa macho ya mtu aliyelelewa na vyote viwili, na kuguswa na uamsho uliowafanya watu wa koo mbalimbali waitane ndugu. Mwaka 1977, Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kwa Kibira ukoo ni mahali pa kuanzia, lakini damu ya ukoo haitoshi kuwa mpaka wa ushirika. Katika jambo hili askofu wa Bukoba ameona mbali kuliko mchungaji wa Dresden.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki nao, katika miaka ya 1970 hiyohiyo, waliamua kujenga kanisa kwa jumuiya ndogo ndogo za majirani. Hawakuhitaji Gutmann kufika hapo. Waliangalia vijiji vyao.

Huko Kilimanjaro kwenyewe, Jumapili baada ya ibada, mkungu wa ndizi, kuku au mayai yaliyotolewa sadaka hunadiwa nje ya kanisa, na jirani hununua kwa bei isiyolingana na soko kwa sababu anajua fedha inakwenda wapi. Desemba mabasi hupanda mlima yakiwa yamejaa watu wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wanaokwenda kula Krismasi kihambani, kukaa vikao vya ukoo na kutazama makaburi ya wazee wao. Wengi wao wamefika hapo walipo kwa fedha ya kahawa, ada ya shule na tiketi ya reli, vitu vilevile vilivyomtisha mchungaji. Fedha haikuikata kamba. Mara nyingi ndiyo inayolipa nauli ya kurudi nyumbani.

Gutmann aliondoka Old Moshi kwa mara ya mwisho mwaka 1938, akafa Ujerumani mwaka 1966 akiwa na miaka 90. Vitabu vyake ni vya Kijerumani kizito, na si kila msomaji atavifikia. Lakini mwaka 1947 Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu alitoa kitabu chake kwa Kiswahili, *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, kuhusu mila hizohizo, kwa kalamu ya mtu aliyezaliwa ndani yake. Anayetaka kumpima mchungaji wa Kidia kwa haki aanze na Marealle, kisha ndipo amfungue Gutmann.