Kifungu cha 53, Mara Mbili

Usiku ule jina langu halikuandikwa popote. Ilikuwa 1998, nina miaka sita, na mimi na mama tulishushwa kwenye matatu ya kutoka Kitale kwenda Bungoma, tukiwa tumeshapita Kamukuywa. Polisi aliomba kitambulisho. Mama hakuwa nacho. Alizaliwa upande wa Mbale, akaolewa Bungoma, na kila akifungua mdomo lafudhi ilimsaliti. Kituoni (sitakitaja) waliandika jina lake kwenye OB, wakamvua viatu, wakatuingiza seli. Mimi hakuna aliyeniuliza hata naitwa nani. Asubuhi baba akaja na barua ya chifu, tukatoka. Kwenye karatasi, mimi sikulala pale.

Miaka mingi nilidhani kosa ni la mama. Halafu nikasoma kuhusu mpaka. Hadi 1902 huku kwetu, kutoka Mlima Elgon mpaka Kisumu na hata Naivasha, palikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza wakauhamishia upande ambao leo ni Kenya, ili reli yao yote iwe chini ya serikali moja. Ati reli! Wabukusu wakabaki huku, ndugu zao Wamasaba kule, na mto Lwakhakha katikati. Lugha tunasikizana. Tohara pande zote mbili ni miaka ya shufwa, na Agosti ikifika hakuna anayemuuliza shangazi kama ana pasi. Kukhu alikuwa anavuka kwenda matanga asubuhi, jioni amerudi kupika.

Sasa sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi zaidi unaofaa, na atengwe na watu wazima. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 53 pia, inasema kuwa nchini bila ruhusa ni kosa: faini hadi shilingi 500,000, au jela hadi miaka 3, au vyote viwili. Namba ni ile ile. Nilipoona hivyo nilicheka, kisha nikanyamaza.

Hiki cha pili hakihitaji kumtaja mtoto. Ukimkamata mama, mtoto anafuata tu. Sheria ya Magereza inamruhusu mtoto kukaa ndani na mamake hadi afike miaka minne, kwa hivyo mwanamke aliyefungwa Kitale kwa kukosa muhuri anaweza kuwa na mtoto mgongoni ambaye hajashtakiwa kwa lolote.

Lakini hebu fikiria hapo kwa "atengwe na watu wazima". Usiku ule, kama wangenitenga na mama, ningepiga nduru hadi Webuye. Agosti 2002 msichana Mkongo wa miaka mitano alishikwa uwanja wa ndege wa Brussels, akielekea kwa mamake, mkimbizi huko Kanada. Alizuiliwa karibu miezi miwili kati ya watu wazima asiowajua, kisha akarudishwa Kinshasa peke yake. Mwaka 2006 mahakama ya Strasbourg iliamua Ubelgiji ilimtendea unyama. Na Aprili 2014, hapa kwetu, watu walipokusanywa Kasarani, kuna watoto waliotenganishwa na wazazi wao.

Ukimfunga na mamake, umemfunga. Ukimtenga, umemfanyia baya zaidi. Kamati mbili za Umoja wa Mataifa zililiona hilo mwaka 2017: mtoto asizuiliwe kamwe kwa sababu ya uhamiaji, na dawa ni kutomfunga mzazi pia, familia nzima ipewe njia nyingine, kama kuripoti ofisini. Barua ya chifu ilifanya kazi hiyo hiyo asubuhi ile. Kwani haingeulizwa jioni?

Mama alipata kitambulisho 2004. Tukikaribia Kamukuywa bado hukitoa kwenye pochi mapema na kukishika mkononi, hata siku ambazo hakuna polisi barabarani.