Baridi ya Julai na Mvua ya Vuli

Mgeni kutoka Ulaya akisikia watu wa Mwanza wakilalamikia majira ya baridi hucheka, na ana haki ya kucheka. Baridi yetu ni ya alfajiri tu, kuanzia Juni hadi Agosti, mbingu zikiwa nyeupe bila wingu na mawe makubwa ya mji huu yakipoa usiku kucha. Ikifika saa nne asubuhi jua limekwisha kuyapasha moto tena na wauza dagaa wa Kirumba wamevua masweta. Hata hivyo, baridi hiyo ndogo imebebeshwa mzigo mkubwa. Wazee wengi wa kandokando ya ziwa huisoma kama barua. Nimewasikia wakisema kuwa Julai ikiuma sana, vuli itakuwa njema, kwa sababu ardhi imepumzika na kupoa. Nimewasikia wengine, wa umri uleule na heshima ileile, wakisema kuwa baridi kali ni ishara ya ukame, na kwamba joto la Septemba ndilo linaloita mvua.

Msomaji asidhani kuwa hayo ni mazungumzo ya kupitisha muda. Julai ndio mwezi ambao mkulima wa Usukumani huwa na kitu mkononi. Pamba inavunwa na kuuzwa, na mtama na mahindi vimo kwenye kihenge. Mbegu ya pamba haitarudi ardhini mpaka Novemba au Desemba, mvua ikishika. Katikati hapo pana miezi minne ya kuamua: kiasi gani cha nafaka kiuzwe, kiasi gani kibaki, mtoto alipiwe ada au ng'ombe aongezwe. Anayejua vuli itakuwaje anaweza kuuza bila wasiwasi, na asiyejua anauza kwa kubahatisha. Baba yangu, mkulima wa pamba upande wa Magu, hakuwahi kuuza hata debe moja la mtama kabla hajaiona mvua ya Novemba kwa macho yake. Majirani walimwita bahili. Ukame wa 1973 na 1974 ulipokuja, ambao uliilazimisha nchi nzima kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo, jina hilo halikusikika tena, na mama alikuwa akiwapimia kwa bakuli walewale waliolitunga.

Nimetaka kwa miaka mingi kujua kama majira yanayopita yanaweza kweli kuyasemea majira yanayokuja. Swali hili ni la zamani kuliko vitabu. Watu wa pwani walilitazama angani, katika kile kikundi cha nyota kiitwacho Kilimia, jina ambalo lenyewe limetoka katika kulima. Walisema Kilimia kikizama wakati wa jua kitazuka wakati wa mvua, na kikizama wakati wa mvua kitazuka wakati wa jua. Maana yake ni kuwa majira hulipana kama watu wenye deni. Huku kwetu jambo hilo lilikuwa pia la utawala. Mtemi wa Kisukuma alikuwa mtu wa mvua kabla ya kuwa mtu wa kodi. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, alichapisha mwaka 1951 kitabu kizima kuhusu taratibu na nguvu za watemi hao, na mvua imo ndani yake. Mtemi ambaye mvua ilimkataa alikuwa mashakani. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na tutaona kuwa mvua iliuaga kwa kishindo.

Waliolichukua swali hili kwa kalamu na hesabu walianzia India. Baada ya njaa kubwa ya 1876 hadi 1878, serikali ya Kiingereza huko ilimtaka mkuu wake wa hali ya hewa, Henry Blanford, atafute namna ya kujua mapema kama mvua za kiangazi zingeshindwa. Blanford akatazama milima ya Himalaya. Aliona kuwa theluji ikianguka nyingi wakati wa baridi, mvua za miezi ifuatayo huwa haba. Hapo ndipo imani ya baridi kuyatabiri majira yajayo ilipopewa mhuri wa serikali. Ilifanya kazi kwa miaka kadhaa. Kisha ukaja mwaka 1899. Mrithi wake, John Eliot, alitangaza kwamba mvua zingekuwa nzuri. Ukaja ukame mbaya, na njaa iliyofuata iliua watu wengi mno.

Aliyefuata, Gilbert Walker, alikuwa mwanahisabati, na alishika ofisi hiyo kuanzia 1904 hadi 1924. Huyu hakuiamini dalili yoyote kwa sura yake. Alikusanya vipimo kutoka kila pembe ya dunia, akavilinganisha. Hapa historia inatugusa sisi, kwa sababu miongoni mwa dalili alizotumia ilikuwamo mvua ya Zanzibar. Mvua ya Aprili na Mei ikiwa nyingi kule Unguja, aliihesabu kuwa ishara mbaya kwa mkulima wa India. Hebu fikiri: mtu anamwaga maji yaliyojaa katika chombo cha kupimia mvua Unguja, anaandika tarakimu, na tarakimu hiyo inasafiri kwa simu ya maandishi hadi India kusaidia kuamua kama watu wakae tayari kwa njaa. Lakini dalili nyingi za Walker nazo zililegea kadiri miaka ilivyopita. Kilichobaki kwa sifa ni jambo aliloliona pembeni, kwamba uzito wa hewa juu ya Bahari ya Pasifiki na juu ya Bahari ya Hindi hupandana na kushukiana kama mizani. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes aliiunganisha mizani hiyo na ule ujoto wa Pasifiki tunaouita leo El Nino.

Ziwa letu nalo lilipata mtabiri wake. Maji ya Ziwa Victoria yamekuwa yakipimwa tangu 1896, na mwaka 1923 mtaalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, C. E. P. Brooks, alivitazama vipimo vya miaka ile akaona ajabu. Ziwa lilipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua, yale mabaka meusi ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11. Madoa yalipokuwa mengi karibu na 1906, ziwa lilijaa. Yalipokuwa mengi mwaka 1917, ziwa lilijaa tena. Ulinganifu ulikuwa mzuri kiasi cha kumfanya mtu yeyote aamini, hata mimi ninapoutazama leo. Halafu, tangu miaka ya 1920 ikielekea kwisha, jua likaenda njia yake na ziwa njia yake. Miaka ya 1957 na 1958 madoa yalikuwa mengi kuliko wakati wowote tangu yaanze kuhesabiwa, na ziwa halikujibu. Wapo wataalamu walioirudia hoja hiyo katika karne hii, wakiongozwa na Mmarekani Curt Stager, nao wanasema uhusiano upo kwa namna fulani. Huenda. Ila mkulima wa Magu hawezi kupanda pamba kwa uhusiano unaokwenda likizo miaka 40.

Hebu sasa tuje kwenye 1961, mwaka ambao kila mzee wa ufukweni anaujua hata kama hajui kusoma. Mwaka 1960 na sehemu kubwa ya 1961 Afrika Mashariki ilikuwa na ukame mkali. Kwa Wamasai ng'ombe walikufa kwa wingi sana. Kisha Oktoba mbingu zikafunguka, na Novemba zikazidi. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961 barabara nyingi zikiwa matope. Msomaji mwepesi atasema: hapo Kilimia kilisema kweli, jua limelipwa kwa mvua. Angoje. Mvua haikulipa deni ikaondoka. Iliendelea kuwa nyingi mwaka 1962, na 1963, mpaka kufikia Mei 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Mita 2 juu ya ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800 ni maji yasiyosemeka. Babu upande wa mama alikuwa na shamba la mpunga na mji wake karibu na maji. Alihamisha nyumba mara mbili, na kaburi la mkewe wa kwanza likabaki chini ya ziwa. Hakulisemea sana jambo hilo. Alikuwa akisimama ufukweni jioni akionyesha kwa fimbo mahali mti fulani ulipokuwa.

Na madoa ya jua mwaka huo wa 1964? Yalikuwa machache kabisa, mwisho wa mzunguko. Brooks angetabiri ziwa la chini.

Basi mvua ile ilitoka wapi? Jibu lilichelewa mpaka 1999, pale wataalamu wa Japani na India walipoeleza jambo linalotokea ndani ya Bahari ya Hindi yenyewe. Miaka fulani, kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusi huvuma kwa nguvu isiyo ya kawaida kando ya kisiwa cha Sumatra, upande wa pili wa bahari. Hulisukuma mbali tabaka la maji ya moto, na maji baridi ya kilindini yakapanda juu. Bahari ya kule inapoa. Ya huku kwetu, upande wa Afrika, inapata joto kupita kawaida. Ifikapo Oktoba, hewa yenye unyevu hupanda juu ya maji hayo ya moto, na vuli ya Afrika Mashariki inakuwa gharika. Ndivyo ilivyokuwa 1961. Ndivyo ilivyokuwa 1997, mwaka ambao ulianza kwa njaa na kumalizika kwa madaraja kuvunjika, El Nino ikiwa imeongeza nguvu zake. Na ndivyo ilivyokuwa 2019, hata Mei 2020 ziwa likaipita ile alama ya 1964. Mambo yakigeuka, Sumatra ikiwa ya moto na kwetu kukapoa, vuli hukauka: 2010, 2016 na 2022 ni mifano ambayo hakuna haja ya kumsimulia mkulima.

Kwa hiyo baridi ya Julai inatabiri vuli, na wazee hawakukosea kuifikiria. Ila si baridi ya Mwanza. Ni baridi ya maji yaliyo mbali maelfu ya kilomita kutoka hapa, ambayo mzee wa Magu asingeweza kuigusa kwa mkono. Baridi tunayoihisi sisi alfajiri inatokana zaidi na mbingu kuwa wazi usiku, na ziwa lenyewe, ambalo maji yake hubaki vuguvugu mwaka mzima, huichezea joto na upepo wetu kwa namna yake. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili, kama asilimia 80, ni mvua inayoangukia juu yake moja kwa moja, na nyingi hutokana na ngurumo za usiku ambazo ziwa hujitengenezea. Usomaji wa bahari nao si wa uhakika kila mara. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa, watu wakatayarishwa kwa mafuriko kama ya 1997, na vuli ikaja ya wastani tu sehemu nyingi.

Ama kuhusu masika, hapo hata bahari inanyamaza. Vuli njema haisemi lolote la kuaminika juu ya masika yatakayofuata, na mvua za Machi hadi Mei zimewashinda watabiri kuliko zile za Oktoba hadi Desemba. Mtu akikuambia mwezi Desemba kwamba anajua masika yatakuwaje, mpe chai, zungumzeni habari nyingine.

Mpwa wangu analima mpunga na pamba kwenye ardhi ileile ya baba yangu. Julai hunipigia simu. "Mjomba, huku kuna baridi kweli mwaka huu," huniambia, na najua anachouliza. Humwambia asubiri. Mwishoni mwa Agosti wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kila mwaka kuisoma bahari, na baada yao Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza kwa mikoa kama vuli inaelekea kuwa juu ya wastani, ya wastani, au chini. Haisemi itanyesha. Inasema upande gani una uzito zaidi. Yeye huniuliza kama atauza magunia kabla ya hapo, maana bei ya Julai si mbaya na ada za shule hazimsubiri mtu wa Sumatra. Mara nyingi huuza nusu. Nusu nyingine huiacha kwenye kihenge hadi Novemba, na mkewe huhesabu magunia hayo mwenyewe.